Fumua Mbele ya Mwenye Nguo

Koti la kwanza nililomshonea dada yangu lilikuwa jeusi, na ndani nikalitia bitana ya zambarau ambayo hakuiomba. Nilimwambia bitana ni siri ya mvaaji: watu wataona weusi, wewe utajua una nini. Alikuwa amesimama juu ya kigoda katika atelye yetu ya ushonaji huko Niboye, mikono ameinyoosha kama mtu anayetaka kuruka. Mimi nilikuwa na pini tatu mdomoni, na patroni wangu, mwenye atelye, alikuwa akitutazama kwa juu ya miwani yake.

"Kwa hiyo ni kweli," patroni akasema. "Miaka minne ya kusoma sheria, halafu karani."

"Karani wa sheria, mzee. Bungeni," dada akajibu.

"Karani ni karani, mama. Hata karani wa mbinguni, kazi yake ni kuandika majina ya wengine wanaoingia."

Dada alicheka hadi pini ya kwapani ikamchoma. Patroni ni mtu wa Bukavu, amewashonea watu nguo za harusi na za mazishi tangu mimi sijazaliwa, na mdomo wake haujui siku ya mapumziko. Lakini siku ile niliona aliinama mwenyewe akapima pindo la sketi ya dada mara mbili, kazi ambayo kwa kawaida ananiachia mimi.

Sisi ni wawili kwa mama yetu. Mama alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako hata paka wanaelewa Kiswahili, ndiyo maana nyumbani kwetu hapa Kigali tunagombana kwa Kinyarwanda na kupatana kwa Kiswahili. Mwenye kichwa ni dada. Mimi na shule tuliachana kwa amani nikiwa kidato cha tatu. Sikuichukia, nayo nadhani haikunichukia, ila nilikuwa nikiona kitambaa kinakatwa nasahau kengele. Sijuti. Nina ndoto zangu nyingi tu, moja ni atelye yenye kioo kinachofika sakafuni, ili mteja ajione mpaka viatu.

Dada alipomaliza chuo alikuwa na shahada yake ndani ya plastiki na hakuwa na mahali pa kuipeleka. Kila ofisi ilitaka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu unapatikana ofisini. Akaishia sokoni Nyabugogo, kwenye duka la jumla la ndoo na mabeseni, akipanga ndoo ndani ya ndoo tangu asubuhi. Wabeba mizigo wa pale walimletea ugomvi wao awaamulie, wakampa na jina: avoka wa ndoo, yaani wakili wao. Mbele yao alilipenda lile jina. Nyumbani alikuwa anavua viatu na kukaa kimya, na mama anamwangalia, kisha ananiangalia mimi, kana kwamba ninaweza kushona kitu cha kuondoa kile kimya.

Kisha ukaja ule mpango. Mbunge mmoja mama, aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa amechoka kuona vijana waliosoma sheria wanazurura huku kwenye kamati kazi ni nyingi. Alisema, kwa maneno aliyotuletea dada, kwamba vijana hawa wanaijua sheria kama nguo iliyokwisha kupigwa pasi. Hawajawahi kuiona ikiwa bado vipande mezani. Mahakamani wanakwenda, kwa mawakili wanakwenda, lakini pale sheria inapokatwa na kuungwa hakuna anayewakaribisha. Akaomba wachukuliwe wachache, wakae na kamati, wasome miswada, wailinganishe na sheria za zamani, wawaandikie wabunge muhtasari. Akakubaliwa nusunusu: vijana wanne, miezi mitatu, majaribio. Miezi hiyo ikiisha, kamati itasema kama nafasi hizi ziwepo kila mwaka kwa wahitimu wapya, au hawa wanne washukuriwe na mambo yaishie hapo.

Dada alikuwa mmoja wa wale wanne. Koti lilikuwa la siku ya kwanza.

"Ni miezi mitatu tu," mama alimwambia asubuhi ile, akimtoa uzi begani ambao mimi sikuuona. "Tajiri wako wa ndoo nimemwomba asimpe mtu nafasi yako."

"Mama!"

"Nini? Mimi nakuombea Mungu, lakini na tajiri naye nimemwomba."

*

Wiki ya pili, nikiwa kwenye cherehani, simu ikalia. Dada alikuwa ananong'ona.

"Zipu ya sketi imekufa. Na saa nne naingia kwenye kamati."

"Imekufa vipi?"

"Imekufa! Haina roho! Njoo, sha, mdogo wangu."

Nikapanda pikipiki na mfuko wangu wa kazi. Getini mlinzi akaupitisha kwenye mashine, akatoa mkasi wangu mkubwa akauinua kama mtu aliyekamata samaki.

"Huu unaenda nao wapi?"

"Kumshona dada yangu."

"Kumshona?"

Ikabidi dada mwenyewe atoke, faili amelishikia nyuma kujiziba. Mlinzi alipoelewa alicheka akageukia barabarani kwa heshima. Mkasi ukabaki kwake, sindano moja akaniruhusu. Nilimshona dada ndani ya sketi yake, amesimama kando ya ukuta, mishono mifupi ya kubana, na uzi nikaukata kwa meno.

"Sasa mpaka jioni nije kukufumua, usinywe maji mengi," nikamwambia.

Alinipiga na faili. Halafu akasema, "Umefika huku bure? Kikao cha leo kiko wazi kwa watu. Toa kitambulisho, uingie."

Nilikuwa nimepita chini ya jengo lile maisha yangu yote. Kila mtu wa Kigali analiona pale juu, na kuta zake zenye alama za vita, na huwa tunalitumia kuelekezana njia: ukifika Bungeni shuka, ukifika Bungeni kata kushoto. Kuingia ndani sikuwahi hata kuota, na mimi si mtu wa kubania ndoto. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, magoti nimeyabana, nikahesabu vipaza sauti mezani, kila kimoja na taa yake nyekundu. Nilivua kofia, kisha sikujua niiweke wapi, nikaikalia.

Wakaanza. Muswada ulikuwa wa mambo ya masoko na wauzaji wadogo. Nilikuwa nimejiandaa kusikia maneno mazito kama yale ya misa kuu. Badala yake mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja mrefu, alikuwa na mafua. Alikuwa anapangusa pua, anaomba radhi, anaendelea. Mbunge mmoja aliuliza kama muuzaji akihamishwa sokoni apewe barua "mapema" au "siku kumi kabla". Mwingine akasema "mapema" inatosha. Mwingine akauliza, mapema ya nani? Ya msimamizi wa soko au ya mama mwenye nyanya zinazooza? Wakabishana juu ya neno hilo moja muda ambao mimi ningekuwa nimemaliza mkono wa shati. Walitoka kwenye nyanya wakaenda kwenye ndizi, wakarudi kwenye siku kumi.

Na mimi pale nyuma mwili wote ulikuwa unanisisimka. Sijui kama nitaweza kueleza. Maisha yangu yote nilidhani sheria zinatoka mahali kama mvua inavyotoka: unaamka, zimekwisha kunyesha, unachukua mwavuli. Kumbe zinatoka kwa watu wenye mafua. Kumbe kuna asubuhi moja, ndani ya chumba chenye zulia, ambapo neno bado halijakauka, na mtu akisema "hapana, tulitoe" linatolewa, na miaka na miaka baadaye mama fulani aliye mbali huko Musanze hataguswa na lile neno, wala hatajua kwamba liliwahi kuwa karibu naye.

Ndipo nikamwona dada. Alikuwa amekaa nyuma ya yule mama mbunge mwalimu. Akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akakisogeza taratibu. Mheshimiwa akasoma, akawasha kipaza sauti.

"Ninaambiwa kwamba katika masoko makubwa muuzaji hukopa bidhaa kwa wiki," alisema. "Akihamishwa kabla ya wiki kwisha, mzigo unaharibikia njiani. Siku kumi zinampa nafasi ya kuumaliza. 'Mapema' haimpi kitu."

Likawa siku kumi. Yale maneno yalitoka Nyabugogo, kutoka katikati ya ndoo na mabeseni. Niliyaona kwa macho yangu yakivuka meza kwa karatasi ndogo na kuingia kwenye sheria ya nchi. Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba yule aliyeandika nimemshona mimi ndani ya sketi yake. Nikajizuia kwa sababu ya kofia niliyoikalia.

*

Miezi ilikimbia. Dada alikuwa anarudi nyumbani anaongea mpaka sahani inapoa. Mama aliacha kumtaja tajiri wa ndoo.

Juma la mwisho kamati ilifanya marekebisho makubwa kwenye ule muswada. Ikaondoa vifungu viwili vilivyokuwa vinasema jambo moja na vingine. Kazi ya kuusafisha akapewa dada: kutoa vile viwili, kupanga namba upya, kulinganisha safu zote tatu, ya Kinyarwanda, ya Kiingereza na ya Kifaransa. Alimaliza Ijumaa. Nakala zikawekwa kwenye sehemu ya kila mbunge, tayari kwa Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo, baada ya muswada, kamati ingezungumza juu ya makarani wanne na kuamua.

Jumapili baada ya misa tulikuwa uani. Mama alikuwa anachambua maharage, dada anakunja nguo, mimi nimekaa kwenye ngazi. Muswada haukuwa siri, ulikwisha kutangazwa, na dada alikuwa na nakala yake. Nikamwomba niusome.

"Wewe? Utalala kwenye kifungu cha pili."

"Nataka nizione zile siku kumi."

Alinipa. Sasa, mimi nasoma polepole, na kidole. Tena nilisoma kama ninavyosoma karatasi ya vipimo. Karatasi ya vipimo ikikuambia mkono unakutana na bega, unakwenda kulitazama bega, huwezi kulikisia. Kwa hiyo kila palipoandikwa "kama ilivyo katika kifungu fulani", niliacha kidole cha kushoto pale nilipo, nikarudi nyuma kukitafuta hicho kifungu, nikakisoma chote, nikarudi. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyosoma sheria. Jua lilihama kutoka kwenye ngazi moja hadi nyingine.

Nikafika kifungu cha thelathini na nne. Kilisema yeyote anayefanya jambo lililotajwa katika kifungu cha ishirini na moja ataadhibiwa. Nikaacha kidole. Nikarudi ishirini na moja.

"Dada," nikasema, "kwa nini mnawaadhibu wanaonyonyesha?"

"Nani?"

"Nyinyi. Kule Bungeni."

"Acha utani, nina nguo za kukunja."

"Si utani. Hapa inasema ataadhibiwa anayefanya la ishirini na moja. Na ishirini na moja inasema mama mwenye mtoto mchanga anaweza kumnyonyesha mahali pake pa kuuzia."

Mama akaacha maharage. "Nani anamwadhibu nani? Nyie wote wawili mmenyonya sokoni, nyuma ya meza yangu ya samaki wa ndagala."

Dada alikuja mbio bado ameshika shati mkononi. Akasoma. Akarudi nyuma, akasoma tena. Kabla ya vile viwili kutolewa, ishirini na moja ilikuwa inamkataza msimamizi wa soko kumhamisha muuzaji bila barua. Huyo ndiye aliyetakiwa kuadhibiwa. Vile viwili vya mwanzoni vilipotoka, vyote vilivyofuata vilisogea juu, msimamizi akahamia kumi na tisa, na mama wa kunyonyesha akakaa ishirini na moja. Dada alikuwa ametengeneza namba za vifungu vyote. Zile namba zilizokaa ndani ya sentensi, zinazonyooshea kidole vifungu vingine, alizisahau. Akasema aliusoma muswada wote mara tano. Lakini alikuwa anaujua kwa moyo. Kila alipoona "ishirini na moja", kichwa chake kilikwenda chenyewe kwa yule msimamizi, hakikuhitaji kugeuza ukurasa.

Akakaa chini, hapohapo kwenye saruji.

Akampigia simu mwenzake, mmoja wa wale wanne, na sauti ya mwenzake ikatoka mpaka kwetu.

"Nenda mapema, ubadilishe ukurasa kabla hawajafika. Dakika kumi! Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Wewe ujue, sawa. Ila ukisimama ukasema, si wewe peke yako unayeondoka. Ni sisi wote. Na wale wote wanaomaliza chuo mwaka huu, na wa mwaka kesho. Watasema, mnaona? Tuliwapa watoto mkasi."

Dada alikata simu. Mwenzake hakuwa mtu mbaya. Alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Mama alirudia maharage yake, ila nilimwona anatupa mazuri anabakiza mabovu.

Mimi sina elimu ya kumshauri mtu kama dada. Nilichokuwa nacho ni habari ya atelye. Patroni ana desturi moja ambayo haijadili: ukikosea nguo ya mtu, hufumui mpaka mwenyewe awepo. Unamwita, unamkalisha, unafumua mbele ya macho yake. Anasema kitambaa kilichofumuliwa kinabaki na matundu ya sindano, na mteja akiyakuta mwenyewe nyumbani atadhani ulimshonea nguo kuukuu.

"Unamkumbuka yule bwana harusi?" nikamuuliza dada. "Niliyempachika mkono wa kulia kushoto?"

"Nakumbuka."

"Patroni alinifanya nimpigie simu. Alikuja, akakaa mbele yangu, nikafumua mikono yote miwili, jasho linadondoka kwenye kitambaa."

"Akarudi tena kushonesha kwenu?"

Nikafikiria kumdanganya. "Hakurudi."

"Sasa huo mfano unanisaidia nini?"

"Haukusaidii," nikakubali. "Ila harusini alilivaa koti, na mikono ilikuwa mahali pake. Nilikwenda kanisani kuchungulia."

Dada alinitazama, akaanza kucheka na kulia pamoja. Kisha akainuka akaenda kulipiga koti pasi.

*

Jumatatu nilimwomba patroni ruhusa. Alisikiliza habari yote bila kuacha kukata.

"Karani," akasema mwishowe, na safari hii hakulitamka kama kejeli. "Nenda. Mkasi uache hapa, usimsumbue mlinzi wa watu."

Nilikaa kiti kilekile cha nyuma. Wabunge waliingia, wakasalimiana, mwenyekiti akawasha taa yake nyekundu. Mafua yalikwisha kumtoka. Kabla hajafungua kikao, dada akasimama. Makarani hawasimami. Yule mwenzake wa kwenye simu, aliyekaa kando yake, akafumba macho.

"Waheshimiwa, naomba radhi," dada akasema. "Kwenye nakala zenu kuna kosa. Ni langu. Naomba mfungue kifungu cha thelathini na nne."

Hakuna aliyefungua. Walikuwa wanamtazama yeye. Yule mama mbunge mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alivaa miwani, akafungua.

"Wekeni kidole hapo," dada akasema. "Sasa rudini ishirini na moja."

Nikasikia karatasi. Sijawahi kusikia sauti kama ile, kurasa nyingi zikigeuka nyuma kwa pamoja ndani ya chumba kimya. Kila mmoja pale, na suti yake, na kidole chake kimenasa kati ya kurasa, kama mimi kwenye ngazi ya nyumbani.

"Yesu wangu," mtu akasema.

Mwingine akaanza kucheka, akaona wengine hawacheki, akaacha. Mwenyekiti alisoma hapa, akasoma pale, akasoma tena hapa.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "tungemwadhibu mama anayenyonyesha, na yule wa kuhamisha watu angekwenda nyumbani kula."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Uliliona lini?"

"Jana. Si mimi niliyeliona. Ni mdogo wangu. Ni fundi wa nguo." Akageuka. "Yuko pale nyuma."

Wote wakageuka. Nikajikuta nimesimama bila mtu kuniambia, kofia iliyobondeka mkononi.

"Wewe kijana, uliusomaje huu muswada?" mwenyekiti akauliza.

"Nilirudi kutazama, mheshimiwa. Iliandikwa kifungu cha ishirini na moja, nikarudi."

"Kila mahali ulirudi?"

"Kwani kuna mahali pa kutorudi?"

Niliuliza kwa kutaka kujua, naapa. Lakini chumba kizima kilicheka, kicheko cha kupumua, na yule mama mwalimu akapiga meza kwa kalamu kama anatuliza darasa.

"Turudi sote," akasema. "Kila namba. Karani, tuongoze."

Dada akaongoza. Alitaja kifungu, wakaweka vidole, akataja kinakoelekea, wakageuza. Walifanya hivyo hadi saa sita na nusu. Wakapata kosa la pili, dogo, nalo lilikuwa lake pia, na alilisema kwa sauti kama lile la kwanza. Alipokuwa anainama kuandika, koti lilifunuka nikaiona zambarau. Nilitazama wale watu wazima, wengine wenye mvi, wakifuata kidole cha avoka wa ndoo kutoka ukurasa hadi ukurasa, na nikawaza kwamba nchi ni kitu cha ajabu. Inashikiliwa na vitu vidogo mno.

Mchana walitutoa nje ili wajadili habari ya makarani. Mimi nilirudi Niboye, nilikuwa na suruali tatu za mtu. Jioni dada alikuja atelye akakaa kwenye benchi.

"Wamesema nini?"

"Wamesema asante. Tutajulishwa."

"Asante ya namna gani?"

"Sijui. Asante tu."

Miezi mitatu ilikuwa imekwisha. Siku iliyofuata alirudi Nyabugogo, kwa sababu mama alikuwa amemshikia nafasi kweli. Wabeba mizigo walimpokea kwa vigelegele, wakidhani ameletwa na upendo. Alipanga ndoo wiki ya kwanza, akapanga ya pili. Mwenzake wa kwenye simu hakumpigia. Nyumbani dada hakuwa kimya kama zamani, ila kila simu ilipolia sote watatu tuliacha kutafuna.

Ujumbe ulimkuta dukani, kichwa kiko ndani ya mnara wa mabeseni. Alinipigia kutoka palepale, sauti inarudi kama anaongea kisimani. Nafasi zimeundwa. Kila kamati itapokea wahitimu wawili wa sheria, mwaka mmoja mmoja, na wale wanne wanaweza kuomba kama wengine, mtihani uleule. Alinisomea orodha ya kazi za karani wa sheria. Ya nne ilisema: kufuata kila namba ya kifungu inayotajwa mpaka inakofika, kwa kugeuza ukurasa, si kwa kumbukumbu.

"Hiyo ni wewe," akasema.

Nilijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Patroni aliniuliza kama kuna msiba.

Dada aliomba, akafanya mtihani, akapata. Na mwenzake wa kwenye simu akapata. Siku hizi wanakaa meza moja na wanagombea feni.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, dada alikuja atelye na vijana saba nyuma yake. Walikuwa makarani wapya, viatu bado vina udongo wa kuzibua mitaro. Nilidhani wamekuja kupimwa suti, nikachukua utepe. Dada akauondoa shingoni mwangu, akanipa karatasi zenye safu tatu, muswada mpya.

"Soma," akasema.

"Nisome nini? Hawa wana digrii!"

"Ndiyo maana. Soma unavyosoma."

Wakakaa kwenye benchi, kwenye marobota ya vitambaa, mmoja akakaa chini ya meza ya kukatia, kila mtu na nakala yake. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nikaanza, polepole, na kidole. Kifungu cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tano ikaandikwa "kama ilivyo katika kifungu cha tatu". Nikaacha kidole pale, nikarudi nyuma. Nikasikia kurasa zao nazo zikirudi, moja baada ya nyingine, kwa kusitasita, kama watu wanaojifunza kucheza ngoma ya kwao.

Tulipofika cha tisa, niliona kivuli kwenye karatasi yangu. Patroni alikuwa ameacha mkasi, amesimama nyuma yangu, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hapo," akasema, akiweka kidole chake kinene juu ya namba. "Hapo inasema sita. Rudi, rudi tuone."

Tukarudi.